Je, Wajua? Fundi wa Kuezeka Aliyerusha Setilaiti ya Kwanza

Je, wajua kwamba mtu aliyeongoza kazi ya kurusha setilaiti ya kwanza duniani alianzia kwenye ufundi wa kuezeka paa? Sergei Korolev alizaliwa mwaka 1907 huko Zhytomyr, Ukraine. Alisoma Odessa katika shule ya ufundi wa ujenzi, na mwaka 1924 akatoka na sifa ya kupanda juu ya nyumba na kupanga vigae. Wakati huohuo alikuwa akichora ndege zisizo na injini, zile zinazopaa kwa upepo peke yake. Kutoka hapo akaingia chuo cha ufundi cha Kiev, kisha Moscow, ambako mradi wake wa kuhitimu ulisimamiwa na Andrei Tupolev, mbunifu mashuhuri wa ndege.

Mwaka 1938 alikumbwa na kamatakamata ya Stalin, akapelekwa Kolyma kwenye migodi ya dhahabu, akarudi amepoteza meno mengi. Aliachiwa huru mwaka 1944. Tarehe 4 Oktoba 1957 roketi yake, R-7, ikaipeleka Sputnik angani, na tarehe 12 Aprili 1961 roketi ya ukoo uleule ikambeba Yuri Gagarin. Serikali yake ilimficha muda wote huo. Ulimwengu ulikuja kulijua jina lake alipofariki, Januari 1966.

Nimeanza na Korolev kwa makusudi. Shuleni kwetu mtoto akisema anataka kutengeneza roketi, darasa linacheka na mara nyingine mwalimu naye hucheka. Imejengeka fikra kwamba kazi ile ni ya watu waliozaliwa na ubongo wa namna nyingine, tena katika nchi nyingine. Ukisoma maisha ya waliozitengeneza kweli unakutana na watu wa kila aina: walimu wa shule za kawaida, mtoto wa pwani aliyegawa magazeti, msichana wa shamba asiye na shahada. Walichoshirikiana ni hesabu, ambayo hawakukubali kuiacha njiani.

Je, wajua kwamba kanuni kuu ya roketi iliandikwa na mwalimu asiyesikia vizuri?

Konstantin Tsiolkovsky, Mrusi aliyezaliwa mwaka 1857, aliugua homa akiwa na umri wa miaka 10 hivi, na masikio yake hayakupona tena. Shule ikamshinda kwa kuwa hakusikia mwalimu anasema nini. Alipofika miaka 16 baba yake alimtuma Moscow, na huko akajifundisha mwenyewe maktabani, akila mkate mkavu ili fedha kidogo alizotumiwa zitoshe kununua vitabu na vifaa vya majaribio. Baadaye akawa mwalimu wa hesabu katika miji midogo, Borovsk kisha Kaluga, na jioni baada ya kazi ndipo alipofanya utafiti wake. Mwaka 1903 alichapisha makala yenye mlinganyo ambao hadi leo ndio anaoanza nao mhandisi wa roketi.

Mlinganyo wenyewe si mrefu. Unasema kwamba kasi ambayo roketi itaipata inategemea mambo mawili: gesi inatoka kwa kasi gani nyuma ya injini, na uzito wa roketi ikiwa imejaa ni mara ngapi ya uzito wake ikiwa tupu. Hilo la pili linaingia kwa njia ya logariti asilia, na hapo ndipo pana mateso. Ili kitu kibaki kikizunguka dunia kinahitaji kasi ya kilomita 7.8 kwa sekunde, yaani karibu kilomita 28,000 kwa saa. Ongeza hasara ya kupambana na hewa na mvutano wa dunia, unafika kilomita 9 na zaidi kwa sekunde. Gesi ya injini ya mafuta ya taa inatoka kwa takriban kilomita 3 kwa sekunde. Piga hesabu, utaona kwamba roketi ya hatua moja ingelazimika kuwa mafuta na oksijeni kwa karibu asilimia 96 ya uzito wake, na katika asilimia 4 zinazobaki uweke injini, matangi, nyaya na mzigo. Ndiyo maana roketi hujengwa kwa hatua mbili au tatu, na tangi likiisha linatupwa. Mwanafunzi wa kidato cha sita anayejua logariti anaweza kuikokotoa hesabu hii yote kwa kalamu. Natamani kila mwalimu wa fizikia aifanye ubaoni angalau mara moja, maana inaonyesha mada ile ina kazi gani duniani.

Je, wajua kwamba roketi nyingi kubwa hutumia mafuta ya taa?

Hatua ya kwanza ya Saturn V, roketi ya mita 110 iliyowapeleka Wamarekani mwezini, ilichoma mafuta ya taa yaliyosafishwa sana pamoja na oksijeni ya kimiminika. Falcon 9 ya leo inafanya vilevile. Oksijeni hiyo hupoozwa hadi chini ya nyuzi 183 za Selsiasi chini ya sifuri ndipo inageuka kimiminika. Inabebwa kwa sababu huko juu hewa haipo, na hata chini haitoshi. Fikiria basi la kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza lisiloruhusiwa kusimama kwenye kituo chochote cha mafuta, tena lililokatazwa kuvuta hewa ya nje: lingeondoka stendi likiwa karibu lote ni tangi, lenye viti viwili tu. Saturn V iliondoka ardhini ikiwa na karibu tani 2,900, na hatua yake ya kwanza ilimaliza zaidi ya tani 2,000 kwa dakika mbili na nusu hivi.

Kwa hiyo kemia nayo ni mlango. Katikati ya miaka ya 1950 jeshi la Marekani lilikuwa na roketi ambayo nguvu zake zilikuwa pungufu kidogo tu kufikisha setilaiti angani, na injini haikuweza kubadilishwa kwa haraka. Kazi ya kutafuta mafuta bora ilipewa kampuni ya North American Aviation, nayo ikamkabidhi Mary Sherman Morgan. Alizaliwa mwaka 1921 katika shamba huko North Dakota, akachelewa kuanza shule kwa sababu ya kazi za nyumbani. Chuo alikiacha kabla ya kuhitimu, wakati wa Vita Kuu ya Pili, akaenda kufanya kazi ya kemia katika kiwanda cha baruti. Katika idara yenye wahandisi wapatao 900 alikuwa mwanamke peke yake, bila shahada. Mchanganyiko alioupata uliitwa Hydyne, na ndio uliowashwa tarehe 31 Januari 1958 kuinua Explorer 1, setilaiti ya kwanza ya Marekani. Jina lake halikutajwa katika shangwe zile. Simwambii msichana yeyote aache chuo. Siku hizi mlango ule wa bila shahada umekaribia kufungwa kwa wahandisi. Namtaja kwa sababu ilikuwa haki yake kujulikana.

Je, wajua kwamba ada ya mhandisi mmoja ililipwa kwa bangili za dada yake?

A. P. J. Abdul Kalam alizaliwa mwaka 1931 Rameswaram, kisiwa cha India ya kusini, katika familia ya Kiislamu ya watu wa mashua. Akiwa mtoto aligawa magazeti ili kusaidia nyumbani. Alisoma fizikia chuoni Tiruchirappalli, akamaliza mwaka 1954, na hapo ndipo alipotambua kuwa alichokitaka ni uhandisi. Alipokubaliwa kusomea uhandisi wa ndege Madras, ada ilikuwa kubwa kuliko uwezo wa baba yake. Dada yake, Zohara, akaweka rehani bangili na mkufu wake wa dhahabu.

Ndoto yake ya kwanza ilikuwa kurusha ndege za kivita. Katika usaili wa jeshi la anga nafasi zilikuwa 8, yeye akashika namba 9. Akaenda kwenye utafiti, na mapema miaka ya 1960 akajikuta Thumba, kijiji cha wavuvi Kerala, ambako kanisa la Mtakatifu Maria Magdalena lilikuwa limegeuzwa ofisi ya wahandisi baada ya askofu na waumini wake kukubali kuliachia. Sehemu za roketi zilibebwa kwa baiskeli, na picha za kazi hiyo zipo hadi leo. Roketi ya kwanza iliruka hapo tarehe 21 Novemba 1963.

Sehemu ya maisha yake ninayoirudia zaidi ni ile ya SLV-3, roketi ya kwanza ya India ya kubeba setilaiti, ambayo yeye alikuwa mkurugenzi wa mradi wake. Agosti 1979 ilianguka katika Ghuba ya Bengal. Mkuu wa shirika la anga la India, Satish Dhawan, alikwenda mwenyewe mbele ya waandishi wa habari akabeba lawama. Tarehe 18 Julai 1980 iliporuka tena na kufanikiwa, Dhawan alimwambia Kalam aende yeye kuzungumza na waandishi. Kalam alilisimulia tukio hilo miaka mingi, hata alipokuwa Rais wa India kuanzia 2002 hadi 2007. Anayeingia kazi hii akichagua bosi wa namna ya Dhawan atakuwa amechagua vizuri, kwa sababu roketi za mwanzo huanguka karibu kila mahali. Falcon 1 nayo ilishindwa mara tatu kabla ya kufaulu mara ya nne, Septemba 2008.

Je, wajua kwamba setilaiti yenye jina la Kiswahili ilirushwa kutoka Pwani ya Kenya na kubadili sayansi ya nyota?

Ukienda Ngomeni, kaskazini ya Malindi, ukatazama baharini, utaona majukwaa ya chuma yaliyosimama kwa miguu ndani ya maji. Ni mabaki ya kituo cha San Marco, mradi wa Waitalia ulioongozwa na Luigi Broglio. Kuanzia tarehe 26 Aprili 1967 hadi Machi 1988, setilaiti 9 zilirushwa kutoka pale kwa roketi za Scout za Marekani.

Kwa nini pale? Ardhi iliyo kwenye ikweta huzunguka kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa kuelekea mashariki, na roketi inayoondoka hapo inaipata kasi hiyo bure. Mashariki ya Ngomeni ni Bahari ya Hindi, hivyo hatua zinazotupwa haziangukii nyumba ya mtu. Nchi zinazohangaika kutafuta mahali pa aina hiyo ni nyingi. Sisi tumezaliwa juu yake.

Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, setilaiti ya kwanza kabisa iliyotengenezwa mahususi kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani iliruka kutoka jukwaa lile. Ikapewa jina Uhuru. Aliyependekeza jina hilo alikuwa meneja wa mradi kutoka NASA, Marjorie Townsend. Alianza chuo akiwa na miaka 15, na mwaka 1951 akawa mwanamke wa kwanza kupata shahada ya uhandisi katika Chuo Kikuu cha George Washington. Setilaiti yake iliorodhesha vyanzo 339 vya miale hiyo, na ikatoa ushahidi muhimu kuhusu Cygnus X-1, kitu kinachokubaliwa leo kuwa shimo jeusi. Riccardo Giacconi, mwanafizikia aliyeongoza sayansi ya mradi huo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Nimekutana na vijana wa Kilifi na Mombasa waliosoma fizikia hadi kidato cha nne bila kuambiwa habari hizi hata kwa sentensi moja, na jambo hilo linaniuma. Linapaswa kuwa katika kitabu cha darasa la sita, na picha yake.

Je, wajua kwamba kuna mhandisi aliyelazimika kuomba kibali cha mji ili aingie darasani?

Mary Jackson alisoma hisabati na fizikia katika chuo cha Hampton, Virginia, akamaliza mwaka 1942. Alifundisha, akafanya kazi ya ukarani, na mwaka 1951 akaajiriwa katika maabara ya utafiti wa ndege ya Langley kupiga hesabu kwa mkono. Mhandisi mmoja alimtaka kwenye chumba cha upepo mkali cha kupimia ndege, akamshauri asomee uhandisi. Masomo yalitolewa jioni katika sekondari ya wazungu, na yeye alikuwa Mwafrika Mmarekani. Aliwasilisha maombi kwa mamlaka za mji, akakubaliwa, akasoma baada ya kazi, na mwaka 1958 akawa mhandisi wa kwanza wa kike mweusi wa NASA. Makao makuu ya shirika hilo mjini Washington sasa yana jina lake.

Je, wajua kwamba mwanafunzi dhaifu wa hesabu alikuja kubuni Saturn V?

Ni Wernher von Braun, aliyekuwa nyuma katika hisabati na fizikia mpaka alipopata kitabu cha Hermann Oberth kuhusu safari za anga, akaona hakielewi, akaamua kujifunza mpaka akielewe. Habari hii hupendwa sana na wahamasishaji. Lakini isiishie hapo. Roketi yake ya V-2 ilitengenezwa chini ya ardhi na wafungwa wa kambi ya Mittelbau-Dora, ambako maelfu walikufa kwa njaa, kazi na kunyongwa. Anayesimulia nusu ya kwanza ana wajibu wa kusimulia na ya pili.

Dhamiri ni sehemu ya kazi hii kwa namna isiyo ya mbali. Roger Boisjoly, mhandisi wa kampuni iliyotengeneza injini za pembeni za chombo cha anga cha Challenger, aliandika waraka Julai 1985 akionya kwamba mipira ya kuziba viungio inaweza kushindwa na kuua watu. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Januari 1986 baridi ilikuwa kali, naye na wenzake wakapinga safari. Wakuu wao hawakuwasikiliza. Chombo kilivunjika sekunde 73 baada ya kuruka, na watu 7 wakafa. Mhandisi anahitaji kujua kuandika waraka unaoeleweka, na kusimama nyuma ya alichoandika.

Je, wajua kwamba pasipoti inaweza kukuzuia kuliko alama zako?

Hili wazazi wengi hulijua wakiwa wamechelewa. Sheria ya Marekani huhesabu teknolojia ya roketi pamoja na silaha. Kampuni ya huko haiwezi kumwonyesha michoro yake mtu asiye raia bila kibali maalumu cha serikali, na wengi hawasumbuki kukiomba. Wanaohesabika kuwa ndani ya mstari ni raia, wenye ukaazi wa kudumu, na pia wakimbizi na waliopewa hifadhi kisheria. Mtoto wa familia ya Kikongo au Kirundi iliyopokelewa Marekani kama wakimbizi, kwa hiyo, hazuiwi na sheria hii. Mwenzake aliyetoka Arusha kwa viza ya mwanafunzi anaweza kupata shahada ya juu kabisa kisha akakuta mlango umefungwa.

Ndiyo maana ningemshauri anayeanzia huku kwetu atazame pia upande wa setilaiti na upande wa Afrika. Setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, mchemraba wa sentimita 10, iliachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga Mei 2018, kwa mpango wa Umoja wa Mataifa na Japani. Rwanda ilifuata mwaka 2019. Uganda ilipeleka wahandisi wake watatu katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu, Japani, wakaijenga PearlAfricaSat-1 iliyorushwa Novemba 2022. Taifa-1 ya Kenya iliruka tarehe 15 Aprili 2023. Kwa roketi zenyewe, Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, Durban, kina wanafunzi wa uzamili na uzamivu wanaounda injini kwa mikono yao. Tarehe 8 Machi 2021 roketi yao ya Phoenix, inayochoma nta ya aina ya mshumaa, ilifika kilomita 17.9 juu. Huko Juja, Kenya, wanafunzi wa chuo kikuu cha JKUAT nao wana mradi wao wa roketi, Nakuja.

Masomo yenyewe hayana siri. Tanzania tahasusi inayofaa ni PCM: fizikia, kemia na hisabati. Baada ya hapo shahada ya uhandisi wa mitambo au umeme inatosha kabisa kuwa msingi, hata kama chuo hakina neno anga katika jina la kozi. Tom Mueller, aliyebuni injini ya Merlin ya SpaceX, alikuwa mtoto wa dereva wa lori la magogo wa Idaho na shahada yake ya kwanza ni ya mitambo. Kenya, vyuo vikuu vya Kenyatta na Technical University of Kenya vinafundisha uhandisi wa vyombo vya anga na ndege. Utaalamu wa roketi huja kwenye uzamili. Asiyetaka njia ya shahada asidhani ameachwa, kwani matangi ya roketi huchomelewa na mafundi mchundo, hupimwa na mafundi sanifu, na kiungio kimoja kibaya kinaweza kuangusha kazi ya miaka.

Na huko Tanzania, kwa aliyechagua tahasusi nyingine wakati alama zake za fizikia na hisabati zinaruhusu: matokeo ya kidato cha nne yakitoka, mfumo wa Selform hufunguliwa kwa muda mfupi ili wanafunzi wabadilishe machaguo yao. Muda huo ukipita, kubadilisha kunakuwa kugumu zaidi. Mzazi, mkae naye siku zile.